Miaka Thelathini na Minne Bila Kukaa: Kiguu na Njia Anaiaga Maabara ya Tishu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa maabara yetu ya tishu atavua koti lake jeupe na kulitumbukiza kwenye kapu la nguo za kufuliwa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Anastaafu kwa mujibu wa sheria, akiwa na afya njema, miguu imara, na pua kali kuliko kifaa chochote tulicho nacho. Kamati ya sherehe imeomba wasifu huu uwe wa kuchangamsha na usiwe na maneno mazito. Mwandishi amejitahidi kwa la kwanza.

Wengi hospitalini wanamjua kwa jina la Kiguu na Njia, na wengine hawajui kama ana jina jingine. Alipewa na wahudumu wa ghorofa ya chini, waliokuwa wakimwona akipita koridoni asubuhi, akipita tena, akirudi, akipita. Hapokei simu akiwa amesimama mahali pamoja. Mwaka fulani hospitali ilitununulia viti vipya vya kuzunguka, vyenye mito ya sponji. Sisi tulivikalia siku hiyohiyo. Chake kilikaa na nailoni yake ya dukani miaka kumi na mmoja, mpaka fundi wa vifaa alipokuja kufanya ukaguzi akaandika kwamba kiti hicho ni kipya na hakijaanza kutumika.

Kwa wasiojua kinachofanyika nyuma ya mlango wetu, ni hivi. Daktari akikata kinyama mwilini mwa mgonjwa ili kijulikane kina nini, kinyama hicho huletwa kwetu. Tunakihifadhi kwenye fomalini kisioze, tunakigandisha ndani ya nta, kisha tunakikata kwa mashine yenye wembe utandu mwembamba kuliko unywele. Utandu huo tunaulaza juu ya beseni la maji ya vuguvugu ukunjuke, tunaupandisha kwenye kioo kidogo tunachokiita slaidi, na kuupaka rangi mbili: ya buluu iliyokaribia zambarau inayoshika viini vya seli, na ya waridi inayoshika vilivyobaki. Hapo ndipo daktari wa patholojia huutazama kwa hadubini na kusema mgonjwa ana nini. Mgonjwa hatumwoni, naye hatuoni. Lakini rangi ikikosea, anayeumia ni yeye.

Mama Kiguu, kama tunavyomwita kwa kifupi, aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, kama mwoshaji wa vyombo. Aliosha chupa na vioo mwaka mmoja na nusu, na katika muda huo aliuliza maswali mengi kiasi kwamba mkuu wa wakati ule aliona afadhali ampeleke chuoni akaulize huko. Alirudi na cheti, baadaye akaongeza stashahada akisoma jioni huku analea mabinti wawili. Mumewe, fundi seremala, alimtengenezea meza ndefu ya kusomea kwa kusimama. Shemeji yetu huyo aliwahi kutuambia kwamba alipomwoa alidhani amepata mke mchangamfu, hakujua amepata pangaboi.

Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi mmoja mtu mzima tuliyemwita Kaka Mkubwa, mtaratibu, mwenye mkono mwepesi. Kaka Mkubwa alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, akimimina fomalini na zailini, dawa zenye mvuke mkali, bila kinga, kwa sababu wakati ule ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeuliza. Macho yalikuwa yakimtoka machozi kutwa. Alisema ni mazoea. Siku moja nyumbani kwake chungu kiliungua jikoni mpaka moshi ukafika sebuleni, na yeye amekaa hapo hapo anasoma gazeti. Wajukuu ndio waliokimbia kumtoa. Hakuwa amesikia harufu yoyote. Pua ilikuwa imekufa zamani, hakujua tu.

Tangu siku alipopata habari ile, Mama Kiguu hakutulia. Aliandika barua kuomba kabati la kufyonza hewa. Barua haikujibiwa, akaandika nyingine. Alipoona kalamu haisaidii, alimwalika mkurugenzi aje aone slaidi nzuri, akamsimamisha makusudi kwenye meza ya kumiminia fomalini, akawa anamweleza historia ya idara polepole, yeye ambaye hajawahi kueleza jambo polepole. Dakika ya saba mkurugenzi alitoka akijifuta macho kwa tai yake. Kabati lilifika kabla ya mwezi kwisha, na bomba la kuoshea macho pamoja nalo.

Sheria zake tunazijua sote. Chupa isiyo na maandishi haimiminwi, inaulizwa. Glavu zilizogusa dawa hazigusi kitasa cha mlango. Wembe wa mashine haupanguswi kuelekea kwako. Na hakuna kitu kinachokwenda mdomoni ndani ya maabara, hata peremende. Aliyekuwa mkuu wa idara, profesa mwenye heshima zake, aliwahi kuingia na kikombe cha chai. Mama Kiguu alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi, akamshukuru, akatoka nacho, akakiweka dirishani kwa nje. Profesa alikwenda kukinywea huko huko, amesimama, na hakurudia.

Msimu wa baridi alifungua madirisha yote. Tulivaa sweta chini ya makoti na kumsema vibaya. Leo katika sisi sote hakuna anayekohoa.

Lakini sifa iliyompeleka mbali ni ya kutafuta ugonjwa wa rangi. Hivyo ndivyo alivyouita. Slaidi ikitoka imepauka, ikitoka na mapovu, mikunjo au madoa meusi kama masizi, kwake ilikuwa ni mgonjwa mwenye dalili, na dalili zina chanzo. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu ambamo aliandika kila kasoro, siku yake na dawa yake. Kanuni yake ilikuwa moja: usianze kwa kuuliza nani, uliza lini, na ukibadili, badili kitu kimoja tu, kisha usubiri. Ajabu ni kwamba mwalimu wa kanuni hii mwenyewe hakuwa na subira hata chembe. Kwa hiyo alibadili kitu kimoja, akatoka kwenda koridoni, akatembea mpaka slaidi ikaiva.

Kuna wakati viini vya seli vilianza kutoka vyekundu badala ya buluu iliyokolea. Wiki ya kwanza tulilaumu rangi, tukafungua chupa mpya. Wiki ya pili tulilaumu aliyeuza. Wiki ya tatu tukaanza kulaumiana. Daktari wa patholojia alirudisha trei nzima akisema hawezi kusoma barua iliyoandikwa kwa maji ya matunda. Mama Kiguu alipima vitu kimoja kimoja: rangi, muda, spiriti, asidi. Vyote vizima. Alitembea siku hizo mpaka soli ya kiatu chake cha kushoto ikaachia. Asubuhi moja akaja na dumu la lita ishirini la maji kutoka nyumbani. Mumewe alikuwa amembebea mpaka getini, na walinzi walimsikia akimuuliza hospitali imeishiwa maji au imeishiwa akili. Akasuuza slaidi sita kwa maji ya dumu na sita kwa maji ya bomba. Za dumu zikageuka buluu mbele ya macho yetu. Za bomba zikabaki vilevile. Kumbe hospitali ilikuwa imehamia kwenye kisima kipya, na maji yake yalikuwa na uchachu uliozuia rangi kugeuka. Mafundi wa maji walikuwa wametangaza mabadiliko hayo kwenye karatasi iliyobandikwa kantini, mahali pekee ambapo yeye hafiki kwa kuwa kule watu hukaa.

Sasa mwandishi anafika mahali ambapo kamati ingependa apite haraka. Hawezi.

Miaka tisa iliyopita, mwandishi wa wasifu huu alikuwa amehamia maabara hii akitokea idara ya damu, mwepesi wa mikono na mwepesi wa kujisifu. Siku moja ya kazi nyingi aliletewa kinyama kutoka kwenye titi la mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili. Slaidi ikakatwa, ikapakwa rangi, ikapelekwa. Daktari akaona seli za saratani, akaandika ripoti. Upasuaji wa kuondoa titi ukapangwa Alhamisi.

Jumanne yake Mama Kiguu alikuwa akipanga slaidi za wiki zilizopita kwenye droo. Mtu mwingine angezipanga tu. Yeye huziinua moja moja kwenye mwanga, kwa sababu mikono yake haijui kufanya kazi moja. Akaiinua ile ya mwalimu, akahesabu vipande vyake. Akaishusha, akafungua daftari la mapokezi. Daftari lilisema vipande viwili. Kwenye kioo kulikuwa na vitatu, cha tatu kidogo kama punje ya ufuta.

Alikwenda kwenye stoo ya vibonge vya nta, akakitoa kibonge cha mwalimu: vipande viwili. Akakikata upya, utandu baada ya utandu, akapaka rangi. Vipande viwili, visivyo na saratani. Kisha akauliza lini. Siku ile, kabla tu ya kinyama cha mwalimu, palikuwa pamekatwa kinyama cha mgonjwa mwingine, mzee mwenye saratani iliyokwisha kukomaa na kugunduliwa zamani. Punje ile ilikuwa yake. Ilikuwa imebaki ikielea kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ikapanda kwenye kioo kisicho chake. Uso wa maji haukufutwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Na aliyekuwa kwenye beseni siku ile, sahihi yake iko pale, ni mwandishi.

Mwandishi anakumbuka alichosema alipoonyeshwa, ingawa angependa kusahau. Alisema bado kuna siku mbili. Slaidi mpya ipelekwe kimyakimya, daktari aisome tena, ripoti ibadilishwe, na mambo yaishe bila mtu kuaibika.

Mama Kiguu alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Alisimama. Ni mara chache tumemwona akisimama vile.

"Kosa ukilifungia kabatini linazaa, mdogo wangu," alisema. "Twende tukaliseme likiwa moja."

Kwa daktari wa patholojia hawakupokewa vizuri. Alikuwa ameshasaini, na hakuna anayependa kuonyeshwa alipopitwa. Alisema yeye husoma alicholetewa, hahesabu vipande. Mama Kiguu hakubishana; aliweka slaidi ya zamani, mpya, na kibonge, kwa mstari, akaenda kusimama dirishani. Daktari alitazama kwa robo saa. Mle ndani vilisikika viatu tu, vya mtu anayejizuia kutembea na anashindwa. Mwishowe daktari akainua simu na kupiga chumba cha upasuaji.

Tulidhani hapo yamekwisha. Mama Kiguu akasema bado, mgonjwa hajaambiwa, na atakayemwambia asiwe daktari peke yake.

Kwa hiyo mwandishi alikwenda wodini. Kwa miaka yote alikuwa akiwajua wagonjwa kwa namba, na sasa namba ilikuwa imeketi ukingoni mwa kitanda, imekunja khanga mapajani. Mwalimu alikuwa amenyoa nywele zote, kwa sababu alisikia kwamba dawa zingezitoa, akaona bora azitoe mwenyewe. Alikuwa amemwandikia mwalimu mwenzake masomo ya muhula mzima. Alikuwa amewaeleza watoto. Daktari alimweleza kwamba uvimbe wake hauna madhara, kwamba hatakatwa, kwamba ni kosa la maabara. Mwandishi akasema ni kosa lake, akataja na namna lilivyotokea.

Mwalimu hakulia wala hakucheka. Alijipapasa kichwa.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja mlinizika, na mimi nawasikia."

Hakusema amesamehe. Aliomba nguo zake. Mama Kiguu, aliyekuwa amebaki nyuma kabisa karibu na mlango, alizichukua kwenye kabati na kumpa, akamsaidia kufunga vifungo vya mgongoni, wakatoka pamoja hadi getini. Hatujui kama waliambiana lolote huko. Hajawahi kusema, nasi hatukuuliza.

Mwandishi alipewa barua ya onyo. Mama Kiguu aliomba naye apewe, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi na hakuwa ameweka utaratibu wa kuzuia jambo lile. Utawala ulisita, ukasema rekodi yake ni safi. Akasema basi ndiyo maana ina nafasi ya kuandika. Barua hiyo imo kwenye faili lake mpaka leo, baina ya tuzo mbili za mfanyakazi bora.

Toka hapo vipande vinahesabiwa kwa sauti mara tatu: kinyama kikipokelewa, kibonge kikitengenezwa, slaidi ikitoka. Uso wa maji unafutwa kwa karatasi kila mgonjwa anapokwisha, hata kama foleni imefika koridoni. Mtu wa pili anatia sahihi. Wageni wakitusikia tunahesabu "moja, mbili, mbili tu" hudhani ni wimbo. Hospitali nne zimekuja kunakili utaratibu huo.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye utaratibu wowote. Mikono ya mwandishi ilianza kutetemeka. Kila akikaribia beseni, ilitetemeka, na utandu ukachanika. Aliandika barua ya kuomba kurudi idara ya damu. Mama Kiguu aliisoma akitembea, akaikunja, akaitia mfukoni, akamwambia kwamba mkono unaotetemeka ni mkono unaojua, tatizo ni kuufundisha ujue huku unafanya kazi. Kisha kwa wiki tano, yeye asiyeweza kusimama mahali pamoja, alisimama kando ya beseni lile kutwa, bega kwa bega, akihesabu. Usiulize ilimgharimu nini. Magoti yake yalikuwa yakicheza kama mtu anayesubiri basi kwenye mvua. Hakuondoka.

Si malaika, na hapendi kupambwa. Ana ulimi. Wapo waliohamia idara nyingine kwa ajili ya ulimi huo, na wengine walilia chooni kwanza. Kuomba radhi hajui kwa maneno. Akikukosea asubuhi, jioni utakuta mashine yako imesafishwa na kutiwa mafuta, wembe mpya umewekwa. Ukiuliza nani, hakuna anayejua. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, anasema nyumbani ni hivyohivyo, ila huko ni viatu vinavyopigwa kiwi.

Miezi hii ya mwisho haikuwa rahisi kwake, wala kwetu. Mashine mpya ya kupaka rangi yenyewe inakuja, nayo haina pua. Mama Kiguu amefungua kila kabati, amesoma kila lebo, amepima mfyonzo wa hewa mara mbili kwa siku, amelinakili daftari lake lote kwa mkono ili nakala ibaki. Likizo yake ya kustaafu alianza kuichukua, akarudi siku ya tatu, akasema alikuwa anapita tu. Alipita kutwa. Tumemfanyia utani mwingi juu ya hilo. Lakini wiki iliyopita, tukiwa tunafunga, mwandishi alimuuliza asubuhi ya Jumatatu atafanya nini, akitarajia jibu la kuchekesha.

"Sijui," akasema. "Naogopa kidogo, mdogo wangu. Nimezoea kuamka nikiwa na mtu wa kumwahi."

Siku ile mwandishi alizima taa, wakaagana. Amelifikiria neno hilo tangu hapo, na anaomba alijibu hapa, mbele ya wote.

Mama, kwa hesabu ya madaftari ya mapokezi, umewawahi watu laki moja na elfu kumi na nne. Karibu wote hawajui sura yako. Wako sokoni, wako mashambani, wako kwenye mabasi na madarasani, wanagombana na waume zao na kuwapeleka watoto shule. Ukitoka Jumatatu asubuhi na kutembea barabara yoyote, kwa mwendo wako ule ule wa haraka, utapishana nao. Safari hii huna haja ya kumwahi yeyote. Wasalimie tu.

Tunakushukuru kwa madirisha, kwa ukali, na kwa zile wiki tano. Uende kwa amani, miguu yako ikubebe miaka mingi, na nyumbani wakuvumilie. Huku tutaendelea kuhesabu.